Sura ya 6: Nani Anajaribiwa?

Kikapu nilichokipiga picha Lodwar nikiwa mwaka wa tatu chuoni kilikuwa kimeharibika, nami sikulijua hilo hadi miaka mitatu baadaye.

Nilikuwa nimetoka Nairobi na kamera ya idara, tripodi yenye mguu mmoja uliofungwa kwa mpira wa tyubu, na barua yenye mhuri iliyoomba nisaidiwe popote nitakapofika. Basi la kutoka Kitale lilinishusha kabla ya jua kuchomoza. Nilikunywa chai kibandani, nikajipangusa vumbi masikioni, nikafungua daftari kuhakikisha maneno yangu yapo. Yalikuwapo. Niliyaandika kabla sijakata tiketi: ardhi kame, mikono yenye subira, ujuzi wa mababu unaopotea. Unayajua. Huyasikia kwenye runinga kila mwaka mvua inapochelewa, na sauti inayoyasema huwa ileile, ya mwanamume aliyeshiba.

Mama niliyempata alikuwa amekaa chini ya mkoma, mti ambao Waturkana huuita eng'ol, upande wa mto Turkwel, anasuka kikapu kwa majani ya mti uleule. Kijana wa bodaboda aliyenifikisha pale ndiye niliyemfanya mkalimani.

"Mwambie mama aendelee tu, ajifanye mimi sipo."

Akamwambia. Mama akajibu, na jibu lake likawa refu kuliko ombi langu mara tano. Majirani wawili wakacheka.

"Amesemaje?"

"Amesema sawa tu, mkubwa."

Basi mama akaendelea, nami nikapiga mikono, nikapiga majani yakiloweshwa kwenye karai, nikapiga uso kwa pembeni ili jua limkate vizuri. Kesho yake nikarudi, nikamwomba arudie mizunguko ambayo sikuipata vizuri. Niliporudi Nairobi na kukaa kwenye meza ya uhariri, nikaizima sauti yake na kuweka yangu. Filamu ikapata alama nzuri. Mwalimu aliandika pembeni kwamba msimulizi ana sauti tulivu.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa nafuta diski kazini. Mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Lokichar, akasimama nyuma yangu akaomba asikie sauti ya asili. Alisikiliza kidogo, akaweka kikombe cha chai chini, akacheka mpaka akakaa. Kikapu hiki, mama alikuwa akiwaambia majirani, kimeharibika tangu kitako. Mzunguko wa nne umezidi. Ningekifumua sasa hivi, lakini huyu mtoto mwenye chuma ameomba niendelee, basi tumsaidie kukiharibu. Kisha alimuuliza kijana wa boda kama mimi nina mama, na kama mama huyo anajua kwamba niko juani bila kofia.

Juu ya maneno hayo ndipo nilipokuwa nimeweka ujuzi wa mababu.

Chuoni, aina ya filamu ninayoizungumzia katika sura hii tuliiita filamu ya majaribio. Wengine husema sinema ya mstari wa mbele, jina lililoazimwa jeshini, nami hulikwepa kwa kuwa Turkana imeona mistari ya mbele ya kutosha. Somo lilikuwa Ijumaa alasiri na lilifundishwa kama orodha. Dziga Vertov, mwaka 1929: mpiga picha anazunguka miji ya Kisovieti na filamu inaonyesha jinsi yenyewe inavyotengenezwa. Maya Deren, 1943: mwanamke anaota ndoto inayojirudia, ua, ufunguo, kisu. Stan Brakhage, 1963: filamu ya dakika chache iliyotengenezwa bila kamera, kwa mabawa ya nondo na vipande vya majani vilivyobandikwa kwenye utepe. Tuliambiwa kila mmoja alivunja kanuni gani. Tukanakili kanuni, tukanakili mvunjaji, tukafanya mtihani.

Hakuna aliyetusimamisha kwenye neno lenyewe. Jaribio. Anayejaribu ni nani, na anayejaribiwa ni nani? Turkana neno hilo utalisikia kila wiki, na halihusiani na sanaa. Kuna mradi wa majaribio wa maji, wa sola, wa mbegu. Mwaka 2015 wakimbizi wa kambi ya Kakuma, hukohuko Turkana, walianza kupata sehemu ya posho yao kwa njia ya simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula. Mwaka uliofuata yakafunguliwa makazi ya Kalobeyei, mahali palipopangwa ili wakimbizi na wenyeji watumie masoko, shule na zahanati zilezile. Sisemi ni mabaya. Nasema tu kwamba mtu wa Kakuma akisikia "majaribio", anajua tayari yeye yuko upande gani wa meza.

Filamu nayo iliingia kwetu kupitia mlango huohuo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi ambao jina lake la Kiingereza lilisema wazi kwamba ni jaribio la kinema ya kuwaelimisha Wabantu. Walitengeneza filamu 35, kuhusu kilimo, afya, kuweka akiba posta na kadhalika. Picha ilikuwa kwenye utepe na sauti kwenye santuri za pembeni, ili maneno yaweze kubadilishwa kwa kila lugha: Kiswahili huku, Kiganda kule. Lori lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia Kaskazini na Nyasaland, na usiku wakubwa wa mradi waliwatazama watazamaji. Wanacheka wapi? Wanachoka wapi? Wameelewa?

Vita vilipoanza mwaka 1939, Uingereza ikaunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na mkuu wake William Sellers alishikilia kanuni iliyotokana na shaka hiyohiyo juu ya mtazamaji: Mwafrika aonyeshwe picha iendayo polepole, tukio moja baada ya jingine, pasipo hila za kamera. Kuruka kutoka mahali hadi mahali kungemchanganya. Kwa maneno mengine, Vertov alipokuwa ameshaichana picha vipande elfu na kuishona upya, sisi tuliandikiwa uji.

Ninakumbusha historia hii kwa sababu bado inaishi kwenye madarasa yetu, imebadilisha shati tu. Mwanafunzi anafundishwa kwamba mtazamaji wa kijijini lazima aelezwe. Ndiyo maana nilikwenda Lodwar na daftari lililojaa.

Sasa nihamie Los Angeles kidogo, kisha nirudi.

Katikati ya miaka ya 1960, kwenye Chuo Kikuu cha California cha mji huo, UCLA, Colin Young alianzisha mafunzo yaliyowaweka wanaanthropolojia na wanafunzi wa filamu chumba kimoja. David na Judith MacDougall walitoka hapo. Mwaka 1968, David akiwa bado mwanafunzi, walikwenda Karamoja, Uganda, wakapiga picha miongoni mwa Wajie, majirani wa Waturkana ambao lugha zao zinasikilizana. Filamu iliyotokana na safari hiyo, To Live with Herds, ilitoka mwaka 1972. Ilikuwa miongoni mwa filamu za kwanza za aina yake kuwaacha wafugaji wa Afrika Mashariki waongee lugha yao wenyewe, kwa sauti yao, huku tafsiri ikipita kwa maandishi chini ya picha. Msimulizi hakupewa enzi. Palipohitaji maelezo, yaliwekwa maandishi kati ya picha, kisha watu wakarudishiwa nafasi yao.

Leo hilo linaonekana jambo dogo, simu yako inaweka maandishi chini ya picha yenyewe. Lakini fikiria ilivyokuwa kabla yake. Ilikuwa kawaida wafugaji kwenye filamu wasikike kama ng'ombe wao: kelele ya mbali chini ya maneno ya bwana mmoja. Maandishi yalipoingia, ikagundulika kwamba watu hawa wanataniana, wanalalamikia serikali, wanasengenyana.

Mwaka 1973 na 1974 MacDougall hao walihamia upande wa Kenya, kaskazini magharibi mwa Turkana, wakakaa kwenye boma la mzee anayeitwa Lorang. Kutokana na muda huo walipata filamu tatu ndefu, zinazojulikana pamoja kama Turkana Conversations: Lorang's Way, The Wedding Camels na A Wife Among Wives. Lorang hakuwa mzee wa kuchorwa kwenye kalenda. Alikuwa amewahi kuwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni, akaona dunia, akarudi kwao na kuamua kwa makusudi kuwa mfugaji. Anaongea kama mtu aliyepima njia mbili, asiye na hakika kama ile aliyoichagua itadumu.

Ya ngamia wa mahari ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo ningemwonyesha mwanafunzi kabla ya Brakhage wala Deren. Akai, binti wa Lorang, anaolewa na Kongu, ambaye ni rafiki wa Lorang na wa rika lake. Wanabishania mifugo. Ndivyo ilivyo, dakika baada ya dakika: wangapi, wakubwa au wadogo, nani alimwahidi nani, nani ameudhika, nani anajifanya ameudhika. Kamera haikimbii. Roli ya futi 400 ya utepe wa milimita 16 huisha kwa dakika 11 hivi, kwa hiyo kila mara mpiga picha anapobonyeza anaweka dau: huenda jambo litatokea, huenda roli itaisha wazee wakiwa bado wanatafuna tumbaku. Ukiwa mtazamaji unapotea njia. Unauliza kama wamekubaliana au la. Kisha unang'amua kwamba waliokaa pale nao hawajui, kwamba kila mmoja ana hesabu yake, na kwamba hakuna mtu juu ya wingu atakayekuja kukutolea jibu. Waandaaji wanawauliza watu, wanapewa majibu yasiyolingana, wanayaacha vivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipolielewa neno jaribio. Pale Vugiri aliyewekwa kwenye mizani alikuwa mtazamaji. Kwenye boma la Lorang mizani imegeuzwa: wanaopimwa ni wenye kamera, kama wataweza kukaa kimya muda wa kutosha, na kama wataweza kubaki na jambo wasilolielewa bila kulifunika kwa maneno. Mimi chini ya ule mkoma nilipimwa hivyohivyo, na mama wa kikapu akanipa alama yangu papo hapo, kwa Kiturkana.

Nisiwapambe kupita kiasi. Walikuwa wageni wenye kamera ghali, na filamu zao zimeonekana zaidi kwenye kumbi za vyuo vya ng'ambo kuliko Lokichoggio. Mimi mwenyewe nilizitazama mara ya kwanza kwenye kompyuta ya rafiki aliyesomea nje, kilomita maelfu kutoka boma lenyewe. Na swali la nani anamtazama nani lilikuwa limekwisha kuulizwa kwa ukali. Mwaka 1965 Ousmane Sembène alimkabili Mfaransa Jean Rouch ana kwa ana na kumlaumu kwamba anawatazama Waafrika kama mtu atazamavyo wadudu. Mwaka 1982 Trinh T. Minh-ha, mzaliwa wa Vietnam, alitoa Reassemblage, aliyoipiga Senegal: picha zinakatika ghafla, sauti inakuja na kupotea, na mwenye filamu anakataa kutwambia picha hizo zinahusu nini. Kati ya ukimya wa MacDougall na ukimya wa Trinh kuna tofauti kubwa. Wa kwanza anakaa kimya ili amsikie mwenyeji. Wa pili anakaa kimya kwa sababu hamwamini mtu yeyote anayesema kwa niaba ya mwenyeji, hata yeye mwenyewe. Nikilazimishwa kuchagua kwa ajili ya Turkana nitachagua wa kwanza, kwa kuwa pale watu wana mengi ya kusema na hawajasikilizwa bado. Lakini wapo wanafunzi wangu wanaonipinga, na hoja zao si za kitoto.

Cha kuchekesha ni kwamba kwenye jengo hilohilo la UCLA, miaka hiyohiyo, kulikuwa na chumba kingine. Wanafunzi weusi na wengine waliokuwa wametengwa walikuwa wameingizwa kwa mpango wa Elyseo Taylor, na miongoni mwao alikuwamo Mhabeshi kijana kutoka Gondar, Haile Gerima. Desturi ya idara ilikuwa kila mwanafunzi mpya apewe kamera atengeneze filamu yake ya kwanza mapema, kabla hajafundishwa mengi, akosee kwa mkono wake. Gerima akarudi Ethiopia wakati mfalme ameng'olewa na wanajeshi bado hawajakaza kamba, akapiga Harvest: 3000 Years kwa wiki mbili hivi, nyeusi na nyeupe, na watu ambao hawakuwa waigizaji. Ilitoka mwaka 1976. Kuna mahali kamera inasimama mbali kabisa, mkulima mdogo kama sisimizi mlimani, na unalazimika kumngojea afike. Sellers angeipenda picha hiyo kwa upole wake, bila kujua kwamba inamtukana.

Sasa Kakuma. Ni kilomita kama 120 kutoka Lodwar kwa barabara ya Lokichoggio. Waandishi wa kigeni hupenda kueleza kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Msomaji wangu anajua Kiswahili, kwa hiyo anajua kwamba neno hilo hatuna, na anajua pia kwa nini mtu wa pwani akilisikia jina la mji huu mara ya kwanza hutazama pembeni.

Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, kwa vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi, Wahabeshi. Kiswahili kinachosikika huko ni mchanganyiko usio na mfano: cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Eastleigh, kimoja kikimkata mwenzake katikati ya sentensi. Mtu akiniuliza filamu ya majaribio ina uhusiano gani na kambi ya wakimbizi, humtajia Jonas Mekas. Alitoka kijiji cha Lithuania, akakaa kwenye kambi za waliong'olewa makwao nchini Ujerumani baada ya vita, akasoma chuo kikuu cha Mainz akiwa mkimbizi, kisha mwaka 1949 akafikishwa New York. Wiki chache tu baada ya kufika, alikopa pesa akanunua kamera ya Bolex. Bolex ile huvutwa kwa ufunguo kama saa ya zamani, na ukiivuta mpaka mwisho hukupa chini ya nusu dakika, halafu inasimama. Mekas alipiga vipande vifupi hivyo kwa miaka: wenzake wa uhamishoni wakiwa pikiniki, theluji, mtu dirishani. Vya mwanzo vilikaa kwenye makasha zaidi ya miaka 20 kabla hajaviunga kuwa Lost, Lost, Lost, mwaka 1976. Huyu ndiye Wamarekani wanayemwita baba wa sinema yao ya majaribio. Hakuanza kwa kutaka kuvunja kanuni. Alikuwa na nusu dakika, na hakuwa na kwao.

Kakuma filamu ilifika kwa lori. Shirika la FilmAid, lililoanzia kwenye kambi za Wakosovo mwaka 1999, lilianza kazi hapa mwaka 2001: skrini juu ya lori, jenereta, maelfu ya watu wamekaa mchangani. Baadaye vijana wakafundishwa kushika kamera na kuhariri, na tamasha la filamu likaanzishwa. Wengi wa wanaojua kazi hii kambini wamepitia mafunzo ya namna hiyo, na wanaijua kweli. Nimewaona wakiweka maikrofoni ndani ya soksi ili upepo usiingie.

Kwa upande wa mashirika kwa jumla, malalamiko yangu ni juu ya neno jingine: ujumbe. Filamu ya kambini lazima iwe na ujumbe. Nawa mikono. Mpeleke msichana shule. Kaeni kwa amani na wenyeji. Hakuna anayepinga mambo hayo. Lakini kijana aliyefundishwa kwa miaka mitano kwamba picha ni mkokoteni wa kubebea ujumbe, siku akipewa dakika tatu za kwake mwenyewe anakuuliza, "Mwalimu, ujumbe uwe upi?" Ukimwambia hakuna, anakutazama kama umemwambia apike bila chakula. Wala fomu ya kuombea fedha haina sehemu ya kuandika: nataka kujua vumbi linavyoonekana saa kumi na mbili jioni.

Hata hivyo kambini na mjini Kakuma kuna shule nyingine ya filamu, isiyo na fomu: vibanda vya video. Viti vya mbao, pazia la turubai, mpira wa Uingereza wikendi na filamu siku nyingine. Huko hujasikia Jackie Chan mpaka umemsikia kwa mdomo wa DJ Afro, msimulizi wa filamu, ambaye humbadilisha jina, akampa kijiji, deni na mke mkali. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana maveejay wao, na kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kelele za msimulizi zikawa sehemu ya filamu yenyewe. Mimi naamini ukoo huu unatoka kwa yule mtu wa kipaza sauti aliyesimama kando ya lori la sinema la mkoloni, akieleza kwa lugha ya mahali. Alipewa kazi ya kufafanua. Waliomrithi wameigeuza kazi hiyo kuwa uasi: picha inasema hivi, yeye anasema vile, na watu wanalipa kuona ugomvi wa hizo mbili. Profesa akifanya hivyo Paris huitwa utenganisho wa sauti na taswira.

Nilikwenda Kakuma tena si zamani sana, kufundisha siku tano ukumbini, karibu na laga ya Tarach. Vijana tisa, wengine wa kambini, wengine wa mjini. Nilijiwekea sharti: hakuna maneno, hakuna ujumbe, na siku ya kwanza hakuna kamera. Niliwapa selotepu pana na mkasi. Wakaambiwa waandamane na macho yao, waokote chochote chembamba.

Walirudi na mabawa ya nondo kutoka chini ya taa ya sola, vijani vya mathenge, nywele za mbuzi, mchanga wa laga, ganda la kitunguu, uzi mwekundu wa shanga, na karatasi ya peremende. Walivibana kati ya tepu mbili, ulimi juu ya ulimi, mpaka wakapata utepe wa mita sita hivi. Upepo wa saa nane ukaja, ukaunyakua, ukausokota kwenye mti wa mathenge nje, na miba ikautoboa. Msichana mmoja wa Kalobeyei akaufumua taratibu kwa saa nzima, na matundu yale ya miba baadaye yakawa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Tatizo likawa kuuonyesha. Brakhage alikuwa na maabara ya kuchapisha. Sisi tulikuwa na katoni ya biskuti. Tulikata upenyo upande mmoja, simu upande wa pili, utepe ukavutwa kwa mkono katikati yake, nyuma yake mbingu. Nilitarajia ukungu mtupu, kwa kuwa kitu kinachopita mbio mbele ya lenzi huacha mkia. Nilikuwa nimelisahau jua la Turkana. Mwanga ukiwa mkali kiasi kile, simu hufumba na kufumbua jicho lake haraka mno, na kila fremu kati ya zile 30 za sekunde ikatoka imekatika kama kwa wembe: mshipa wa bawa, chembe ya mchanga, tundu la mwiba lenye duara la samawati. Vijana walikuwa wakizisogeza moja moja kwa kidole. Hakuna studio ya Nairobi inayoweza kununua taa ile.

Filamu nzima ilikuwa sekunde 40. Usiku tukatundika shuka ukutani, tukawasha projekta ndogo, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi waliingia watoto, akina mama wawili wa sokoni, mzee mmoja na kiti chake cha ekicholong mkononi. Niliwatangazia kwamba filamu hii haina sauti wala hadithi, watazame tu. Nadhani nilisema pia kitu kuhusu ukimya.

Sekunde 40 zikapita. Mtoto mmoja akasema, "Rudia." Tukarudia. Bawa la kwanza lilipotokea, kijana wa miaka kama kumi na tatu aliyekaa mbele akasafisha koo na kuanza, kwa sauti nzito ya kibandani, "Basi hapa ndipo stelingi anaingia, jamani, na stelingi hafi!" Bawa likawa stelingi. Uzi mwekundu ukawa adui, nywele za mbuzi zikawa msitu. Watu wakacheka, na msichana wa Kalobeyei akasimama kwa hasira. "Nyamaza wewe! Haina maneno!"

"Mwache," mama mmoja wa sokoni akamwambia. "Kwani anakulipisha?"

Msichana akanitazama, akitegemea niamue. Sikuamua. Akakaa, akafikiri kidogo, kisha yeye mwenyewe akasema turudie mara ya tatu, polepole zaidi. Kijana akabadilisha hadithi. Safari hii bawa lilikuwa ndege ya chakula ya Lokichoggio, zile kubwa zilizokuwa zikiruka kwenda Sudan wakati wa vita, na mchanga ulikuwa mahindi yanayomwagwa. Nyuma, mzee akanyanyuka kwenye ekicholong yake, akanyoosha fimbo mpaka ikagusa shuka, akamsahihisha: haikuwa ikija hivyo, ilikuwa ikitokea upande huu.